Mezani pa Mkaza Mwana

Jumanne, 3 Juni

Nimefika Rooty Hill, Australia, salama, kwa rehema za Mungu, baada ya siku mbili safarini. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichotumia kuandika kumbukumbu za kanisa kwa miaka thelathini, na mkono wangu hauijui njia nyingine.

Kefa, mwanangu wa pili, alikuja kunipokea pamoja na mkewe na binti yao Abigail, aliye na miaka sita. Nitakaa miezi mitatu. Sisi Wakisii, baba hawezi kulala chini ya paa la mwana aliyeoa; nilikuwa nimejiandaa kulisema jambo hilo kwa upole, lakini Kefa alikwisha kunitengea nyumba ndogo ya uani, yenye kitanda, hita, na dirisha linalotazama jikoni kwao. Nikafurahi kwamba hajasahau.

Mkewe ni mtu wa Chile. Walikutana chuo kikuu, Kensington, Kefa alipokuja kusoma. Jina lake sitaliandika hapa, maana jina la mkaza mwana halitajwi ovyo na baba mkwe. Pale uwanja wa ndege alininyooshea mkono. Nikauweka wangu kifuani, nikainama. Natumaini alinielewa.

Jumatano, 4 Juni

Nyumba hii ina sheria ya lugha, na aliyeiweka ni mkaza mwana. Mezani na jikoni ni Kihispania peke yake. Garini, Kefa husema Kiswahili. Kiingereza hakijapangiwa mahali, kwa kuwa huingia chenyewe kama vumbi. Friji, mlango, kiti, dirisha, vyote vimebandikwa karatasi zenye majina yake ya Kihispania. Hata sanduku la mkate lina jina.

Jioni walipoketi kula, mkaza mwana alisema maneno kwa lugha yake na mtoto akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, haraka, kama ndege wawili juu ya tawi. Nikachukua sahani yangu, nikaenda kula uani. Kwetu heshima hiyo na haya hiyo huitwa chinsoni: baba mkwe hali mbele ya mke wa mwanawe, wala hamkazii macho, wala hamwiti. Ni ua uliojengwa kumzunguka binti wa watu ili akae kwa amani katika ukoo mgeni. Nimeushika ua huo kwa wake wanne wa wanangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Jumamosi, 7 Juni. Sabato

Kefa alinipeleka kwenye ibada ya Kiswahili. Nimefahamiana na mzee mmoja wa Kongo, Symphorien, mtu wa Butembo, aliyewahi kuishi katika kambi ya wakimbizi miaka tisa. Anafanya kazi ya kupanga maboksi katika ghala huko Minto, naye ana umri wa miaka sitini na mitatu.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua. Nimesoma, nimeomba, nimelala mapema.

Jumapili, 15 Juni

Abigail ameanza kuja kwangu kila alasiri baada ya shule. Hunijibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili anakielewa chote. Nimeanza kumfundisha mafungu ya Biblia ya kukariri, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa mimi na mwalimu aliyekuwa na fimbo, ila fimbo nimeiacha. Leo alisema fungu zima bila kukosea. Nikampigia simu mke wangu Jerusha, naye mtoto akalirudia tena.

«Anasema vizuri kuliko wewe,» Jerusha akasema. «Wewe ungelitia mahubiri katikati.»

Kila Jumapili asubuhi, ambapo kwao bado ni Jumamosi jioni, mama yake mkaza mwana hupiga simu ya picha kutoka Chile. Huyo mama hajui lugha yoyote ila Kihispania. Nilimwona kupitia dirisha: uso mdogo ndani ya kioo cha simu, naye Abigail akimwonyesha jino lililong'oka.

Alhamisi, 19 Juni

Mkaza mwana ni mkali. Leo mtoto aliomba maji kwa Kiingereza, naye hakumpa mpaka alipoyaomba kwa Kihispania. Nilikuwa nasubiri sahani yangu mlangoni, nikaona. Nilijiuliza moyoni: mtoto wa Kisii aliyezaliwa Australia, ana kazi gani na lugha ya Amerika Kusini? Si mahali pangu kusema.

Jumapili, 22 Juni

Abigail hakuzungumza na bibi yake wa Chile. Alikaa akitazama magoti yake. Mama yake alimwambia kitu mara tatu, mara ya tatu kwa sauti iliyopasuka. Mtoto akaja mbio kwangu uani, akajificha nyuma ya mlango.

Jumatano, 2 Julai

Baridi kali, nyasi zilikuwa nyeupe alfajiri. Kefa anasema huwa hivyo siku chache tu.

Mtoto ameacha Kihispania. Siyo kwamba amesahau, ameacha. Mezani ananyamaza, au anajibu kwa Kiingereza. Wakati wote mwingine yuko kwangu. Tumefikia mafungu kumi na mawili, na jana kwa mara ya kwanza aliniambia kwa Kiswahili, pasipo kuulizwa, «Babu, chai yako iko moto.» Nilimshukuru Mungu. Nimeandika tarehe hiyo katika jalada la daftari.

Jumatano, 9 Julai

Shule zimefungwa. Kutoka dirishani pangu nilimwona mkaza mwana amesimama jikoni peke yake, akibandua karatasi kwenye friji. Aliibandua moja, akaitazama, akairudisha, akaibonyeza kwa kiganja kwa muda mrefu. Niliondoka dirishani. Si haki kumtazama mtu katika saa kama hiyo.

Jumamosi, 12 Julai. Sabato

Baada ya ibada tuliketi na mzee Symphorien kwenye ngazi, palipokuwa na jua. Nikamweleza furaha yangu, kwamba mjukuu anakuja katika Kiswahili. Nikamweleza pia jinsi ninavyoshika heshima yetu katika nyumba ile.

Akacheka mpaka akavua miwani. «Hata kwetu iko hivyo, mzee! Mukwe hapana kula mbele ya mukwe. Baba yangu alikuwa anageuzia mke wangu mugongo. Lakini ku Butembo kulikuwa paillote, kibanda ya majani, kulikuwa lupango, kiwanja muzima, mutu anapata pa kwenda. Huku cuisine, jiko, iko moja tu. Unakimbilia wapi na sahani, mutu mukubwa?»

«Uani.»

«Kila siku?»

«Kila siku.»

Hakucheka tena. «Ule mwanamuke, nani alimuelezea?»

Nikamwambia kwamba Kefa bila shaka alimweleza.

«Bila shaka,» akasema. Kisha akatazama watoto waliokuwa wakicheza kwenye maegesho. «Mimi niko na wajukuu ine huku. Baba yao alisema wasome kwanza Kiingereza, Kiswahili itakuja. Haikukuja. Wananiambia tu hi, Babu. Ninawaambia hi. Tunamaliza.»

Jumatatu, 14 Julai

Mvua tangu alfajiri. Abigail alikuja na koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Alisema fungu lake. Nikamuuliza, kwa upole, kwa nini hamjibu mama yake kwa lugha ya mama yake.

Alichezea zipu ya koti. Akanijibu kwa Kiingereza. Nayaweka hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyapokea.

«Kwa sababu ukisikia Kihispania unaondoka.»

Nikamuuliza nani amemwambia hivyo.

«Hakuna. Nimeona. Mama anasema buenas noches, siéntense, yaani kaeni, na wewe unachukua sahani yako. Kila siku. Hukipendi.»

«Na wewe ukinyamaza?»

«Nikinyamaza, labda utakaa.» Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa habari ya kawaida, «Bado hujakaa, lakini nimejaribu siku chache tu.»

Siku chache! Ni majuma matatu. Mtoto amefunga kinywa chake kwa ajili yangu majuma matatu, akingoja nikae mezani, nami uani nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa matunda ya ukimya huo. Sikuweza kumaliza chai. Nilimwambia arudi ndani apate joto, nikapiga magoti.

Lazima niandike yote, maana hakuna faida kumdanganya Mungu katika daftari. Nilijua kwamba Kihispania kinapungua. Niliona, nikafurahi. Nilijiambia kuwa ni furaha kwa ajili ya Kiswahili, lakini ilikuwa furaha ya mzee anayependelewa.

Jumanne, 15 Julai

Nilimngoja Kefa mpaka aliporudi kutoka kazini, nikamwita uani.

«Ulimweleza mkeo kwa nini sili pamoja naye?»

Alivua viatu polepole, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipokuwa na kosa. «Nilimwambia wapenda kula peke yako, Baba.»

«Hivyo tu?»

«Ni vigumu kueleza kwa Kiingereza. Ukisema baba mkwe hamwangalii mkaza mwana, hamgusi, hali naye, mtu wa huku anasikia dharau. Nikaona ni miezi mitatu tu, itapita.»

«Imempita nani? Mkeo analia jikoni. Mtoto amekuwa bubu wa hiari.»

«Baba, na wewe hukuniuliza.»

Nilitaka kumkemea. Lakini neno lake lilikuwa la kweli. Tulikaa wawili kando ya hita, baba na mwana, kila mmoja akitazama soksi zake.

Jumatano, 16 Julai

Nimempigia Jerusha. Nilimweleza jambo lote, nikitarajia anihurumie. Mke wangu ni binti wa mchungaji na anazijua mila kuliko wazee wa baraza.

«Elkana,» akasema, «ua hujengwa kwa nini?»

«Ili kumlinda binti wa watu asiaibishwe.»

«Huyu ameaibishwa, au hakuaibishwa?»

«Ameaibishwa.»

«Basi ua huo sasa unamlinda nani? Unakulinda wewe, usile parachichi mbele ya watu na hayo meno yako.»

Nikamwambia jambo hili si la mzaha. Kwamba miaka sabini na moja sijawahi kuketi meza moja na mkaza mwana. Kwamba wake wa ndugu zake Kefa wakisikia wataniuliza wao walikosa nini.

«Mimi nitawajibu hao,» akasema. «Wao walizaliwa ndani ya ua, wanajua mlango ulipo. Huyu mlimzungushia ua usiku amelala, akaamka akaona miiba. Nenda ukale.» Kisha akaniuliza kama ninavaa fulana ya ndani.

Alhamisi, 17 Julai

Nimezungumza na Ximena. Jina lake hutamkwa Himena, na ninaliandika kwa sababu leo nimelitamka.

Kefa alisimama kati yetu jikoni ili afasiri nitakapokwama, nami nikakwama mara nyingi. Nilimweleza chinsoni. Nilimweleza kwamba kutomshika mkono kulikuwa kumtukuza, na kwamba kila nilipobeba sahani nilidhani ninamwekea heshima miguuni. Nilimweleza pia alichoniambia Abigail. Hapo aliketi chini.

Alisema kwa Kiingereza, taratibu, ili nifuate, akiniita Don, heshima ya kwao kwa wazee. «Don Elkana, nilidhani unaichukia lugha yangu. Nilihesabu hatua zako kila jioni. Kutoka mezani hadi mlango wa uani ni kumi na moja.»

Nikasema sikuijua idadi hiyo.

«Na alasiri nilisikia mtoto wangu anasoma na wewe kwa sauti kubwa, anacheka, halafu anakuja kwangu amefunga mdomo. Nilimwambia Kefa: baba yako amekuja kunichukulia mtoto.» Akajifuta uso kwa taulo ya vyombo. «Mama yangu ananiuliza kila Jumapili, yeye amemkosea nini mtoto. Mimi ninakaa nchi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyenijua nilipokuwa mdogo. Abigail asiposema, hakuna atakayejua mimi ni nani. Atajua tu mama anayesema Kiingereza kibaya.»

Nilimwomba msamaha. Nikamwomba pia ruhusa: kama atakubali, niketi mezani pake.

Hakusema ndiyo. Alisema, «Usikae kwa kunihurumia. Akiona unateseka, ataona ni kosa la Kihispania tena.»

Ni mwanamke mwenye akili kuliko nilivyomwandika tarehe kumi na tisa Juni.

Ijumaa, 18 Julai

Niliketi. Walinipa kiti kilicho upande wa dirisha. Kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia, Kefa alinitaka niombe, nikaomba kwa ufupi usio wa kawaida yangu. Ximena akasema maneno yake ya kila jioni. Magoti yangu yalitaka kusimama yenyewe. Niliutafuna mkate kama karatasi. Abigail alinitazama muda wote, hakusema lolote kwa lugha yoyote.

Jumapili, 20 Julai

Simu ya Chile. Mtoto kimya. Bibi yake alimwimbia wimbo mfupi, kisha akaacha katikati.

Jumapili, 27 Julai

Nimeketi siku kumi. Chakula sasa kina ladha. Hapa jioni hunywa chai kwa mkate na parachichi lililopondwa na chumvi, jambo ambalo lingefanyika vilevile nyumbani kwetu Nyamira. Nilimwambia Ximena hivyo, naye akaniuliza bei ya parachichi kwetu, nikamwambia huanguka tu, hukanyagwa na ng'ombe. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Lakini mtoto bado.

Jumamosi, 2 Agosti. Sabato

Leo nimeharibu.

Tulikuwa tumekwisha kuketi. Abigail alikuwa akichora kwa kidole juu ya meza, na midomo yake ilikuwa ikicheza, nami niliona, na mama yake aliona, kwamba kuna neno linakuja. Ximena aliinuka kuchukua birika, akapita nyuma yangu, na ukingo wa shali yake ukanigusa begani. Nikaruka. Sikukusudia, ni mwili wa miaka sabini na moja uliofunzwa hivyo. Nilijikuta nimesimama, sahani mkononi, nusu ya njia kuelekea mlangoni.

Nilipogeuka, mtoto alikuwa amefunga midomo kwa vidole viwili, kama mtu anayebana nguo kwenye kamba.

Kefa akasema, «Baba!» Ximena aliweka birika chini.

Nilirudi, nikaketi, nikaweka sahani mbele yangu. Kisha nikamwambia Abigail kwa Kiswahili, mbele ya wote, jambo ambalo baba mkwe hasemi mbele ya mkaza mwana.

«Babu aliogopa,» nikamwambia. «Babu anamwogopa mama yako. Si maneno yake. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mke wa mwanangu, na nilifundishwa kumwogopa nilipokuwa kijana, na sasa najifunza kuacha. Ni vigumu. Utanisaidia?»

Akaondoa vidole mdomoni. «Unamwogopa Mama?»

«Sana.»

Akamtazama mama yake kwa mshangao mkubwa, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kefa alikuwa amemfasiria Ximena kwa sauti ya chini, naye Ximena akaanza kucheka, akajaribu kuacha, akashindwa, akafunika uso kwa shali ile ile.

«Hata mimi wakati mwingine,» Abigail akaniambia.

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua. Kiti changu kimewekwa karatasi: silla. Sijui nani aliibandika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nayaandika kama yalivyotukia, bila kuongeza.

Tulikuwa tumeanza kula. Abigail alisema neno moja la Kihispania, dogo, kuelekea sahani yake: pan. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si mkate. Niliendelea kukoroga chai.

Ximena akampa mkate.

Mtoto akasema maneno mawili. Akanitazama. Nikanywa chai.

Akasema sentensi nzima, ndefu, akiniangalia usoni toka mwanzo hadi mwisho bila kupepesa, kama mtu anayejaribu kina cha mto kwa mguu mmoja. Niliishika meza kwa chini. Magoti yalitulia. Nikamuuliza mama yake amesema nini.

«Anasema una parachichi kwenye ndevu, Don Elkana.»

Nikajipangusa. Upande usio sahihi, kwa maelezo ya mtoto, nayo yalitolewa kwa Kihispania.

Jumanne, 12 Agosti

Alasiri bado ni zetu, mimi na mafungu. Nilidhani Kiswahili kitapungua. Hakijapungua, ila sasa kila fungu analolikariri anakwenda kumweleza mama yake maana yake kwa Kihispania, kisha anarudi na maswali ambayo mama yake ameuliza, nami sina majibu ya baadhi yake. Nimewahi kuhubiri juu ya mafungu hayo mara nyingi, wala hakuna aliyeniuliza.

Mzee Symphorien ameomba Jumamosi ijayo alete wajukuu wake wanne wakae alasiri moja uani na Abigail. «Hata kama wataambiana tu hi,» amesema.

Jumapili, 17 Agosti

Simu kutoka Chile saa tatu asubuhi. Ximena aliisimamisha mezani, ikiegemea sanduku la mkate, akataka kumwita mtoto. Lakini Abigail alikuwa amekwisha kupanda kwenye kiti kilicho karibu nami. Bibi yake alisema salamu kwa uangalifu, kama mtu anayebisha hodi mlangoni alikofukuzwa.

Abigail akaanza. Sijui alisema nini. Alionyesha pengo la jino, kisha jino jipya linaloota. Alinionyesha mimi kwa kidole gumba. Alisimulia kitu kirefu chenye birika na shali, akaruka kidogo kitini kuonyesha jinsi mtu fulani alivyoruka, na yule mama katika kioo akacheka, kisha akalia, kisha akaniangalia mimi moja kwa moja na kusema maneno machache. Ximena alikuwa amesimama kwenye sinki, ametugeuzia mgongo, maji yakitiririka juu ya kikombe kilichokwisha kuoshwa. Hakuna aliyenifasiria, nami sikuomba.

Ilidumu nusu saa. Chai yangu ilipoa. Kati ya hadithi moja na nyingine, bila kugeuza macho kutoka kwa bibi yake, mtoto alinyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akaupata mkono wa koti langu, akahakikisha kwamba nimo ndani yake, akauachilia, akaendelea kusema.